Ulimi Nyuma ya Stempu

Mara ya kwanza Sekela alikifuta kisanduku kile cha fomu kwa kidole chake mwenyewe, na kabla hajakiondoa kidole, maneno yalirudi yaleyale: Mlambaji, mama mzazi wa muuzaji. Alifuta tena. Yakarudi tena. Akahamia stempu ya pili, ya tatu, akaruka hadi za mwishomwisho, na kila alipogusa alikutana na mama mzazi wa muuzaji, kana kwamba bibi huyo alikuwa kwenye foleni peke yake akiitikia majina ya watu wote.

Fundi mwingine angeandika "hitilafu" na kwenda kunywa chai. Sekela alikuwa fundi wa fomu muda mrefu wa kutosha kumjua vizuri Mjazaji, chombo kinachojaza fomu chenyewe. Ana kasoro zake, nani asiye nazo, lakini ubishi si mojawapo. Akikosea na ukamsahihisha, huachia bila kinyongo. Akishikilia jambo namna hii, ujue ana sababu.

Siku hizi muuzaji wa stempu za kale hajazi fomu. Anaiweka stempu chini ya jicho la kifaa na Mjazaji anajaza mwenyewe: nchi, mwaka, rangi, idadi ya meno ya pembeni, muhuri wa posta, jina la mtumaji kama limeandikwa popote. Mwisho kabisa kuna kisanduku kilichoigeuza biashara nzima juu chini, kile cha Mlambaji. Maana waghushi walikuwa wamefikia ufundi wa kutengeneza stempu ambayo hata mchapaji wa zamani angeapa ni ya mkono wake. Kitu kimoja tu kiliwashinda, nacho ni mate. Mtu aliyelamba gundi enzi za babu zetu aliacha alama yake palepale, imefungwa kati ya stempu na karatasi, na hakuna mtambo unaoweza kumrudisha aje alambe upya. Ndiyo sababu kila anayefungua akaunti ya kuuza hulamba kadi kwanza, ili ulimi wake na wa ukoo wake ujulikane, asije akatuuzia stempu alizozibandika jana jikoni kwake.

Hapo ndipo muuzaji huyu alipokwama. Mlambaji mmoja, watumaji wengi: Mjazaji alilisoma hilo kama dalili ya mghushi aliyeketi mezani akilamba moja baada ya nyingine. Alilizuia kundi zima na kumwita fundi.

Sekela alipaswa kuirudisha kesi hiyo dakika ileile alipoifungua, na alijua. Sheria ya kazi haimruhusu fundi kushika fomu yenye jina la ndugu yake. Na pale, katikati ya watumaji, Mjazaji alikuwa amejaza kwa herufi safi: Lugano Mwangoka, shamba la mkonge, Korogwe. Huyo alikuwa babu yake mzaa mama.

Kwao, jina la Lugano lilitajwa kwa sauti ya chini au halikutajwa kabisa. Alikwenda Tanga kukata mkonge, akaandika barua kwa miaka michache, kisha barua zikakoma. Mkewe alisubiri, akachoka, akaamua kwamba huko mwanamume amepata mke mwingine, akafa akiwa na uchungu huo. Mama yake Sekela, aliyekuwa mtoto mchanga wakati babaye anaondoka, sasa ni mzee mwenyewe, na mpaka leo ukimwuliza kuhusu baba yake atakujibu kwa neno moja: alitutupa. Sekela aliutazama muhuri wa Korogwe kwenye skrini, akaona kwamba akiirudisha kesi, hataiona tena stempu ile maisha yake yote. Hakuirudisha. Asubuhi alipakia vifaa vyake akatoka Mbeya kwenda Tukuyu.

*

Mvua ya Tukuyu ilimpokea kabla ya mwenyeji wake. Mwalimu Ambakisye, yule muuzaji, alikuwa amestaafu, mrefu, mwenye sweta la kijivu na wasiwasi mwingi usoni. Alimkaribisha katika nyumba iliyokuwa na duka upande wa mbele zamani zile, na kaunta ya mbao bado ilikuwepo, ingawa sasa ilibeba mikungu ya ndizi na redio. Alikuwa anaifunga nyumba ile. Mama yake alikuwa anahamia kwake mjini, na mkusanyo wa marehemu baba yake haukuwa na mtu wa kuutunza, kwa hiyo alitaka uende kwa wanaojua thamani yake.

Sekela aliukuta umepangwa mezani, akasahau kidogo kilichomleta. Hazikuwa stempu tupu. Zilikuwa kona za bahasha, kila stempu imekaa juu ya kipande chake cha karatasi na nusu ya muhuri wa posta, zote zimekatwa kwa mkasi ulionyooka na kuhifadhiwa bila doa wala mkunjo.

Mwalimu alieleza kwa fahari isiyofichika. Baba yake, Mzee Asegelile, ndiye aliyekuwa na sanduku la posta pekee katika kata ile. Barua za watu wote zilikuja kwa anwani ya duka lake. Wenyewe walikuja siku ya gulio, na wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo aliwasomea, kwa upole, mlango umefungwa, hata kama wateja wa sukari walikuwa wanagonga. Malipo hakutaka. Ilizoeleka tu kwamba ukishasomewa barua yako, Asegelile anakata ile kona yenye stempu na kubaki nayo. Nyuma ya kona aliandika kwa penseli jina la mtumaji na mahali alipo, ili akiulizwa habari za fulani ajue pa kuanzia. Za kwingine alizigawa zamani, akabaki na hizi za Korogwe za miaka michache. Hata siku moja hakumwambia mtu barua ya mwenzake ilisema nini. Mtu wa namna hiyo, alisema Mwalimu, leo mashine inamwita mghushi.

Kisha akashusha sauti na kuutoa wasiwasi wake halisi. Mama yake alikulia Korogwe kweli, kwa sababu baba wa mama huyo alikuwa mkata mkonge huko. Lakini barua za wanaume wote wale, kutoka kwa mikono yote ile, zilifikaje kwenye ulimi wa msichana mmoja? Alikuwa hajalala vizuri tangu alipoisoma ile fomu. Sekela alimwelewa, akamwambia kwamba mara nyingi jambo kama hili huwa na maelezo mepesi sana.

Na alikuwa na maelezo mepesi tayari. Bibi alikuwa ameishi na stempu hizi nyumba moja tangu aolewe. Amezifuta vumbi, amezipigia chafya, pengine amezigandisha upya zilipobanduka, na mwanamke akirudisha stempu iliyobanduka atatumia nini kama si ulimi? Hayo Sekela alikuwa ameyaona kwenye nyumba nyingi. Dawa yake ni kumwonyesha Mjazaji tofauti kati ya mate ya juu na mate ya ndani, naye huachia.

Alitoa sindano ya mwanga, kifaa chembamba kuliko unywele, akaiingiza polepole chini ya ukingo wa stempu ya kwanza bila kuuinua. Skrini ikaanza kusoma tabaka kwa tabaka. Juu kabisa kulikuwa na moshi wa jikoni, vidole vya Asegelile, vidole vya mwanaye, na vidole vya mkewe pia, kama alivyotarajia. Chini yake karatasi ya stempu. Chini yake gundi. Na ndani ya gundi ileile, iliyokauka mara moja tu na haikuloweshwa tena, ulikaa ulimi mmoja. Hakuna mwingine juu yake wala chini yake. Ulikuwa umekauka siku ileile gundi ilipokauka.

Alijaribu nyingine, na nyingine. Alizima kifaa akakiwasha. Alimtenga Mjazaji na kumbukumbu zake akamwacha asome kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni, hajui muuzaji ni nani wala mama yake. Mjazaji alisoma, akasema hamjui mlambaji huyu kwa jina, ila ni yuleyule kwenye kona zote.

Sekela aliketi kitako. Aliona fahari fulani ya kazi yake, na hakuweza kuizuia. Kisanduku alichokuja kukirekebisha kilikuwa sahihi kupita mafundi wote na wenye mali. Kulikuwa na ukweli uliofungwa chini ya karatasi nyembamba namna ile, ukakaa humo mvua zote hizi za Tukuyu, na chombo kikausoma bila kutetereka. Alimgeukia Mwalimu amweleze, akakuta mlango wa jikoni uko wazi.

"Mashine yenu haijakosea," alisema mwanamke aliyesimama pale. "Ni mimi."

*

Bibi Tupokigwe alikuwa mdogo wa umbo, anaelekea miaka tisini, na bado alitembea bila fimbo. Sekela alimwamkia shikamoo akapiga goti kidogo, naye akaitikia marahaba, akamshika mkono kwa muda mrefu, kisha akaketi kwenye kiti cha upande wa kaunta. Mwanawe alitaka kusema kitu. Bibi alimwambia anyamaze kwanza, akanyamaza, mwalimu mzima na mvi zake.

Nyuma ya mashamba ya mkonge, alisimulia, kulikuwa na mahali palipoitwa Kwegunda. Kilikuwa kituo cha watu wenye ukoma. Mkata mkonge akionekana na baka lisilosikia sindano, aliondolewa kambini siku ileile akapelekwa huko, na wenzake walichoma mkeka wake. Yeye, Tupokigwe, alipata kazi ya kusaidia stoo ya kituo akiwa msichana. Aliogopa kama watu wote. Mama yake alimwogesha kwa maji ya chumvi kila aliporudi.

Wale wanaume walikuwa na wake na watoto huku Rungwe. Waliamini, na labda hawakukosea kwa wakati ule, kwamba habari ikifika nyumbani mke atarudishwa kwao na watoto hawataolewa wala kuoa. Kwa hiyo waliendelea kuandika kama wakata mkonge. Habari za kazi, habari za mvua, salamu kwa shangazi. Aliyeshindwa kushika kalamu aliandikiwa na mwenzake. Tupokigwe alikusanya bahasha, akanunua stempu mjini kwa fedha yao, akazibandika na kuzitia posta Korogwe, ambako muhuri ulikuwa uleule wa watu wa shambani. Hapo walimwapisha. Si kwa mkutano, bali mmoja mmoja, kila anayemkabidhi barua ya kwanza: usimwambie mtu yeyote wa kwetu kwamba nilikuwa hapa.

Sekela alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa akihesabu moyoni miaka ya barua za babu yake, na mwaka zilipokoma.

"Sasa, ulimi," alisema Bibi, kama mtu aliyekumbushwa swali. "Siku ya kwanza nilikwenda na kopo la maji. Nikatia kidole majini, nikapaka stempu, nikabandika. Wao wamekaa kwenye baraza wananitazama. Mmoja akacheka. Akasema, sisi tulikuwa tunalamba wenyewe, lakini msimamizi amekataza, anasema mate yetu yatafika Ulaya. Wakacheka wote. Halafu yule akasema, na wewe huwezi kulamba kwa sababu bahasha tumeishika sisi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu, leo mawingu."

Alikipangusa kipande cha kaunta kwa kiganja.

"Maji yalikuwepo, mwanangu. Kopo liko pale pembeni. Niliogopa kweli. Nikachukua stempu, nikailamba mbele yao, nikabandika kwenye bahasha ya yuleyule. Nikachukua ya pili. Hakuna aliyecheka tena. Tangu siku hiyo sikugusa kopo. Kila barua niliyoitoa Kwegunda niliilamba barazani, wakiniona."

Sekela amekutana na watu wengi hodari katika kazi hii, wenye kujigamba kwa haki na wenye kujigamba bure, na hakuwahi kukutana na mmoja aliyekifanya kitu kikubwa hivyo kwa sehemu ndogo hivyo ya mwili, tena kila wiki, bila shahidi wa maana, na kisha akakaa kimya akachambua mboga maisha yake yote. Akamtazama mwanamke yule kwa heshima kubwa.

Mwalimu Ambakisye alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. Aliuliza kama baba alijua.

Hakujua. Bibi alirudi Rungwe, akaolewa na mwenye duka, na jioni ya kwanza mumewe akamwonyesha hazina yake. Zile za Korogwe alizitambua zote. Mumewe alikuwa ndiye msomaji wa barua zile zote upande wa pili, mlango umefungwa, na yeye ndiye aliyezifunga upande ule mwingine. Wakazeeka pamoja namna hiyo. Asegelile hakumwambia barua zilisema nini, naye hakumwambia zilitoka wapi, na Bibi alisema ndoa yao ilikuwa nzuri sana.

*

Sasa fomu ilimsubiri Sekela, na njia zilizokuwepo hazikuwa nyingi.

Angeweza kubonyeza kwamba Mjazaji amekosea. Kundi lingefunguka papo hapo. Lakini ungekuwa uongo uliopigwa muhuri wa fundi, na Mjazaji hujifunza kwa kila sahihisho. Angeanza kuutilia shaka ulimi wa kila barua ya Korogwe, na waghushi wangepita kwenye tundu hilo kama siafu.

Njia ya pili ilikuwa kweli tupu: kujaza kisanduku cha Sababu. Mlambaji alilamba kwa niaba ya wagonjwa wa Kwegunda. Maneno machache tu. Ila kisanduku hicho hakikai mahali pamoja. Kikipigwa muhuri, Mjazaji hukibeba mpaka kwenye kila stempu ya watumaji wale, popote zilipo duniani, na huwatumia taarifa ndugu zao wote walio na akaunti: kuna habari mpya ya mzee wako. Kesho asubuhi nusu ya kata hii ingepata ujumbe simuni. Mama yake Sekela pia angeupata.

Mwalimu hakuona hata sababu ya kujadili. Alikuwa amesimama, amechangamka, machozi hayajakauka. Andika, alimwambia Sekela. Andika yote. Mama amefanya jambo ambalo watu hujengewa sanamu kwa dogo kuliko hilo, na uthibitisho huu hapa mezani, umepimwa na mashine isiyodanganyika. Dunia nzima ijue mama yake ni nani.

"Ambakisye," alisema Bibi. "Ukinisifu mimi, umewataja wao."

Sekela aliingilia, na alijua fika anajitetea mwenyewe, ingawa wenzake hawakujua. Alisema ugonjwa ule sasa ni wa vidonge tu, hakuna anayechomewa mkeka. Aibu yenyewe imekwisha. Kilichobaki ni wajukuu wanaoamini walitupwa. Kuna wanawake walikufa wakimlaani mwanamume aliyekuwa amelala Kwegunda akiwaandikia salamu. Kuna watoto wamezeeka na uchungu huo. Je, hao hawana haki?

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumdharau hata kidogo. Alisema huenda ni kweli, huenda wangefurahi. Ameliwaza hilo mara nyingi kanisani, anapowaona wajukuu zao wamekaa mbele yake. Lakini wale watu hawakumwapisha mpaka aibu itakapokwisha. Walimwapisha tu. Kila kitu chao kilikuwa kimeshachukuliwa na watu waliojua zaidi kuliko wao lililo jema kwao: kazi, mkeka, hata ruhusa ya kulamba stempu. Neno lile ndilo pekee walilolitoa wenyewe kwa hiari yao, wakampa yeye. Wakitaka kumfungua, waje wao.

Sekela aliirudisha sindano ya mwanga begini.

Ni Mwalimu aliyesogea kwanza. Alizunguka chumba, akasimama mbele ya kona za baba yake, akazigusa kwa ncha ya vidole. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama ni kweli kwamba zamani watu walizilowesha stempu ili zibanduke.

Sekela alisema ni kweli. Maji vuguvugu, basi. Gundi inayeyuka na mate yanaondoka nayo. Stempu inabaki nzuri, ila ni stempu kama stempu nyingine, na hakuna mkusanyaji wa leo ambaye angefanya hivyo kwa kona kama hizi. Alimkumbusha pia, kwa sababu ilikuwa kazi yake, kwamba ulimi ukishayeyuka hakuna chombo kitakachoujua tena. Jambo alilolifanya mama yake lingebaki bila ushahidi wowote isipokuwa wao watatu.

"Nimelisikia," alisema Mwalimu. "Inatosha. Ngoja nichemshe maji."

Kabla maji hayajachemka, Sekela alimaliza upande wake. Mwalimu alilamba kadi kuthibitisha kwamba anaondoa kundi lake sokoni, jambo ambalo muuzaji ana haki nalo bila kueleza. Fomu ilimwuliza fundi swali moja la mwisho: je, Mjazaji alikosea? Sekela alijibu hapana, akapiga muhuri. Rasimu yote ikafutika, watumaji na mlambaji wao. Lilikuwa jibu la haki, na alifurahi kwamba angalau kwa chombo kile hodari hakusema uongo.

Beseni la bati likawekwa juu ya kaunta. Bibi Tupokigwe alikunja mikono ya gauni na kuanza kazi yeye mwenyewe, akizitia kona majini mojamoja, akizibonyeza zizame. Zilipoachia, stempu zilielea upande mmoja na vipande vya karatasi vikabaki upande mwingine, na Mwalimu alivikusanya vile vyenye penseli akavipeleka mekoni. Kona zilipungua mezani.

Sekela alikuwa anazisogeza karibu na beseni ili Bibi asijinyooshe. Ndivyo ilivyomfikia mkononi ile aliyoijia. Ilikuwa nyepesi kupita alivyofikiri. Aliigeuza akasoma penseli ya Asegelile, akabaki ameishika. Angeweza kuitelezesha mfukoni na hakuna ambaye angeona. Ndani yake mlikuwa na jibu alilolikosa mama yake tangu utotoni, na chombo cha kulisoma kilikuwa ndani ya begi lake.

Bibi alikuwa amenyoosha mkono wenye maji, akisubiri.

"Bibi," alisema Sekela. "Huyu Lugano Mwangoka ni baba yake mama yangu."

Mwalimu aliganda mlangoni. Bibi aliuacha mkono wake palepale hewani, akamtazama Sekela usoni, paji, macho, kidevu, polepole, kama mtu anayesoma.

"Lugano namkumbuka," alisema. Sauti yake haikutikisika. "Alikuwa mkata mkonge. Hodari kweli. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko ya wenzake wote."

Sekela alisubiri. Aliyajua yote, naye Bibi alijua kwamba anayajua, na bado mwanamke yule alisimama mbele yake akalilinda neno lake, kwa mjukuu wa damu, bila kupepesa. Sekela alihisi machozi yakimshuka, na hayakuwa ya hasira. Watu wa Kwegunda walikuwa wamechagua vizuri.

"Sikiliza," alisema Bibi, kwa upole zaidi. "Mwambie mama yako hakuoa huko. Mpaka mwisho mke wake alikuwa mmoja, na mtoto wake alikuwa mmoja, na kila barua alinitaka niisome tena kabla hajaifunga, asije akawa amesahau kumtaja mtoto. Hayo hakunikataza kuyasema."

"Ndaga, Bibi," alisema Sekela, asante ya nyumbani kwao.

Aliitia ile kona majini kwa mkono wake mwenyewe, akaishikilia chini mpaka ilipoachia. Kisha akafuta vidole kwa sketi yake, akatoka nje kwenye mvua kumpigia mama yake simu.